Kibarua wa jukwaani hana hata barua

Tamasha ikiisha, wasanii hupanda magari yao wakaenda zao, wageni wa heshima husindikizwa hadi langoni, nasi watazamaji hukimbilia matatu za mwisho tukibishana ni nani aliyetia fora. Aghalabu hakuna anayegeuka kulitazama jukwaa. Angegeuka, angewaona vijana kumi au ishirini wakikwea mabomba ya chuma, baadhi yao wamevaa malapa, wakilegeza nati gizani kwa sababu taa zimekuwa za kwanza kushushwa. Vijana hao walifika pale siku moja au mbili kabla yetu, na hawataondoka mpaka lori la mwisho lipakiwe. Hao, pamoja na wenzao walio katika kazi za namna hiyo, ndio ninaokusudia kuwazungumzia leo.

Walimu wa Kiswahili watakumbuka asili ya neno kibarua. Ni barua ndogo. Zamani, Unguja na katika miji ya pwani, mtu aliyeajiriwa kwa kutwa alipewa kipande cha karatasi kuwa ushahidi wa kazi aliyoifanya, naye alikirudisha kwa tajiri wake siku ya kupokea ujira. Baadaye jina la karatasi likamhamia mtu mwenyewe, kisha likaihamia na kazi yake. Simtakii mtu yeyote arudi katika enzi hizo, kwani zilijaa udhalimu. Hata hivyo, kibarua yule alikuwa na kitu mkononi. Kibarua wa jukwaani wa leo hana hata hicho. Huitwa kwa simu usiku, huambiwa afike uwanjani asubuhi na mapema, na ujira wake ni neno alilotamkiwa na mtu ambaye yamkini hamjui hata kwa jina lake kamili.

Ni kina nani hasa? Ni mafundi wa sauti na wa taa, wajenzi wa majukwaa, wasimamishaji wa mahema, wapakiaji, waangalizi wa jenereta, walinzi wa malango, na wale vijana waliovaa sare wanaowaonyesha wageni viti vyao. Wengi wa hao wa mwisho ni wanafunzi wa vyuo wanaotafuta karo na nauli. Msomaji aliye mwanafunzi hahitaji kuelezwa nami jambo hili, kwani huenda Jumamosi iliyopita alisimama saa kumi na mbili penye lango la harusi ya mtu mkubwa, akitabasamu kwa amri.

Chanzo cha dhiki yao ni mnyororo mrefu wa uajiri. Tuchukue mfano wa kaunti inayotaka kuandaa sherehe. Kaunti hutoa zabuni kwa kampuni ya maandalizi. Kampuni hiyo haina jukwaa wala spika, hivyo hukodi jukwaa kwa mmoja, mitambo ya sauti kwa mwingine, na mahema kwa wa tatu. Kila mmoja wa hao ana mafundi wake wawili watatu wa kudumu. Kazi ya mabavu humwachia msimamizi, naye msimamizi hupiga simu mtaani akawakusanya vijana. Fedha huteremka kwa mnyororo huo, na kila pete hubakiza yake. Lawama nayo hupanda kwa mnyororo uo huo, ila haifiki popote. Kijana akivunjika mguu, msimamizi husema yeye alitumwa tu. Mwenye jukwaa husema si yeye aliyemwita. Kampuni ya maandalizi husema ilikodi jukwaa, haikukodi watu. Kaunti nayo husema ilikwisha kulipa, au italipa. Wote, kwa namna fulani, husema kweli, na hapo ndipo penye hila.

Tuutazame ujira wenyewe. Mtu hulipwa kwa hafla. Tuseme kijana ameahidiwa shilingi 1,500 kwa tamasha ya Jumamosi jijini Nairobi. Ijumaa anafika saa mbili asubuhi, anashusha vyuma na kujenga hadi saa mbili usiku: saa 12. Jumamosi anarudi saa nne asubuhi, anapanga spika, anavuta nyaya, anakaa tayari muda wote wa onyesho, kisha anabomoa na kupakia hadi saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili: saa 20. Jumla ni saa 32. Gawanya, nawe utapata takriban shilingi 47 kwa saa. Sasa linganisha. Katika amri ya mishahara ya mwaka wa 2024, mfanyakazi wa kawaida asiye na ujuzi maalumu katika miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa aliwekewa kima cha chini cha shilingi 16,113.75 kwa mwezi, mbali na marupurupu ya nyumba. Juma la kazi katika amri hiyo ni saa 52 zilizogawanywa kwa siku sita. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi wake zoezi hilo. Jawabu ni shilingi 71 na ushei kwa saa. Maana yake ni kwamba kijana wetu alistahili karibu shilingi 2,300 hata kabla hatujagusa ziada, na saa za ziada sharti zilipwe mara moja u nusu katika siku za kawaida na mara mbili katika siku ya mapumziko. Mfano huu nimeutunga mimi. Wapo wanaolipa zaidi ya hapo, kama walivyo wanaolipa chini yake.

Huenda mwanakandarasi akajitetea kwamba hii ni kazi ya kipimo, na kazi ya kipimo inatambuliwa na sheria. Ni kweli inatambuliwa. Lakini kipimo ni kitu kinachoonekana: magunia mangapi yamepakiwa, mawe mangapi yamechongwa. Hafla si kipimo. Mgeni wa heshima akichelewa saa nne, hafla hurefuka kwa saa nne. Mvua ikinyesha, hurefuka. Msanii akidai jukwaa lisogezwe, hurefuka. Nyongeza yote hiyo hulipiwa na mwili wa kibarua, na bei haibadiliki.

Isitoshe, ujira wenyewe hauji kwa wakati. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inamweleza kibarua kuwa mtu anayelipwa kila mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kwa hiyo anayemwambia kibarua wake asubiri majuma matatu amekwisha kuvunja maana ya neno lenyewe. Sheria hiyo hiyo inamlinda kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi, kwa kumhesabu kuwa mfanyakazi mwenye mkataba. Lakini kazi ya jukwaani hukatikakatika. Mtu aweza kumtumikia tajiri mmoja kila Jumamosi kwa miaka mitano na asiweze kuonyesha siku thelathini zilizofuatana. Machi 2020, serikali ilipopiga marufuku mikusanyiko kwa ajili ya korona, watu hawa walirudi nyumbani siku moja bila notisi wala kiinua mgongo. Hawakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba waliwahi kuajiriwa.

Waandalizi nao wana kilio chao, na haki inataka kisikizwe. Idara za serikali na kaunti zimejulikana kwa miaka mingi kwa kuchelewesha malipo. Mwandalizi aweza kukopa benki ili afanye kazi, kisha akakaa mwaka mzima akifukuzia fedha zake kutoka ofisi moja hadi nyingine. Mauzo ya tikiti nayo ni bahati nasibu, na mvua ya jioni moja yaweza kumfilisi mtu. Haya yote nayakubali. Nisilokubali ni kwamba hasara hiyo ibebwe na aliye chini kabisa. Mwenye spika hudai malipo ya awali kabla spika hazijapakiwa, na msanii mashuhuri hupokea nusu ya fedha zake kabla hajapanda jukwaani. Anayetakiwa kuwa mvumilivu ni yule tu aliyezibeba spika hizo mabegani, ambaye hana akiba hata ya siku tatu.

Nageukia usalama, ambao kwa maoni yangu hautenganishwi na ujira hata kidogo.

Hema ni tanga. Mtu wa pwani anaijua nguvu ya tanga lililoshika upepo, na mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba kasi ya upepo ikizidi mara mbili, msukumo wake juu ya turubai huzidi mara nne. Hema kubwa lisilofungwa barabara kwa vigingi vilivyozama ardhini, au lililosimamishwa juu ya lami ambako kigingi hakiingii na hakuna uzito wa kutosha wa kulishikilia, laweza kunyanyuliwa na dhoruba fupi pamoja na aliyeshika kamba. Nguzo zake ni za chuma, na zikiinuliwa chini ya nyaya za umeme zilizolegea, wote walioishika nguzo moja hupatwa pamoja. Juu ya jukwaa kubwa kuna mihimili iliyotundikwa taa na spika zenye uzito wa tani nzima au zaidi, na chini yake kuna mtu anayefagia. Anayepanda kuzifunga taa hizo anahitaji mshipi wa usalama, kofia ngumu na viatu vya kazi. Mara nyingi vifaa hivyo, vikiwapo, ni vya fundi mkuu peke yake.

Kuna na hatari zisizoonekana. Kanuni za kelele za mwaka wa 2005 zinakataza mfanyakazi kuwekwa penye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane katika siku moja. Anayesimama kando ya spika usiku kucha hupita kiwango hicho mapema sana, na masikio yaliyokufa hayafufuki. Kisha kuna usingizi. Dereva aliyekesha na lori lililojaa vyuma, na juu ya vyuma hivyo vijana wameketi kwa kuwa hawakupewa usafiri, ndio mwisho wa tamasha nyingi. Mtu ambaye amekuwa macho kwa saa 20 hana tofauti kubwa na mlevi, na barabara zetu hazihitaji walevi zaidi.

Kwa nini basi wanapanda bila mshipi? Je, hawaijui hatari? Wanaijua kuliko sisi. Lakini anayelipwa kwa hafla hufaidika akiharakisha, na kufunga mshipi huchukua dakika. Anayedaiwa ujira wa majuma matatu yaliyopita hathubutu kumkatalia tajiri, asije akaupoteza wote. Anayeitwa kwa simu anajua kwamba akilalamika leo, simu haitalia kesho. Ukimlipa mtu vizuri na kwa wakati, umempa pia ulimi wa kusema: bwana, upepo huu ni mkali, sipandi. Bila ulimi huo, kofia ngumu elfu moja zitabaki ghalani.

Asidhani mtu kwamba haya ni maafa ya nchi maskini. Tarehe 13 Agosti 2011, katika maonyesho ya jimbo la Indiana, Marekani, dhoruba iliangusha paa la jukwaa muda mfupi kabla ya tamasha ya bendi ya Sugarland. Watu 7 walipoteza maisha, na miongoni mwao walikuwamo mfanyakazi wa jukwaani na mlinzi. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba jukwaa halikutimiza viwango vya uimara. Ulionyesha pia jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi: haikuwa wazi ni nani hasa aliyekuwa na mamlaka ya kusimamisha onyesho. Mawingu yalionekana, watu walishauriana, dakika zikapita. Mnyororo niliousimulia hapo juu ulikuwako huko pia.

Mwaka uliofuata, Juni 2012, paa la jukwaa lililokuwa likitayarishwa kwa bendi ya Radiohead liliporomoka mjini Toronto, Kanada, likamwua fundi wa ngoma wa bendi hiyo. Kampuni ya maandalizi, kampuni iliyohusika na jukwaa na mhandisi walishtakiwa chini ya sheria za usalama kazini. Kesi ikacheleweshwa na kucheleweshwa, hata mwaka wa 2017 ikasitishwa kwa sababu ya kuchelewa huko. Ikiwa nchi yenye wakaguzi na mahakama kama Kanada iliweza kushindwa kumpata wa kuwajibika, hapana shaka sisi tunahitaji kulipanga jambo hili kabla ya ajali, maana baada yake hatutaweza.

Wala vijana wetu hawadhuriki hapa nyumbani tu. Desemba 2022, wakati wa Kombe la Dunia nchini Qatar, Mkenya wa umri wa miaka 24 aliyekuwa mlinzi katika Uwanja wa Lusail alianguka kutoka sehemu ya juu ya uwanja, akafariki hospitalini siku chache baadaye. Jamaa zake walilalamika hadharani kwamba hawakupewa maelezo ya kutosha. Dunia nzima iliutazama uwanja ule siku ya fainali.

Mtu akisema tunahitaji sheria mpya, namsihi asome kwanza zilizopo. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini, na kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki na mazingira yafaayo ya kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inasema inahusu kila mahali ambapo mtu yeyote yuko kazini, ama kwa muda ama daima. Maneno hayo, ama kwa muda ama daima, yanatosha. Uwanja wa shule uliowekwa jukwaa kwa siku mbili ni mahali pa kazi sawasawa na kiwanda cha saruji. Sheria hiyo inamtaka mwajiri atoe mavazi ya kujikinga, inamruhusu mfanyakazi kuripoti hatari kubwa asirudishwe hapo mpaka irekebishwe, na inataka kifo kazini kiarifiwe kwa afisa wa usalama katika muda wa saa 24. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, ya mwaka uo huo, inamlazimisha mwajiri awe na bima, na fidia ya kifo au ya ulemavu kamili wa kudumu huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96. Miezi 96 ya mapato ya nani, ikiwa hakuna karatasi inayoonyesha kwamba marehemu alikuwa na mapato?

Udhaifu uko katika utekelezaji. Mkaguzi hujua njia ya kwenda kiwandani, kwa kuwa kiwanda kitakuwapo Jumatatu. Jukwaa hujengwa Ijumaa na kufikia Jumatatu limegeuka kuwa mabomba ndani ya ghala. Kwa sababu hiyo sioni njia nyingine ila aliye juu ya mnyororo, yule mwenye hafla anayelipa gharama, afanywe mdhamini wa kila aliye chini yake. Asikubaliwe kusema kwamba alikodi jukwaa tu. Leseni ya kufanya mkusanyiko na iambatane na jina moja la mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi upepo ukivuma, na nakala ya bima inayowahusu vibarua. Hili halihitaji mkaguzi afike uwanjani. Linahitaji karani asiyepokea fomu yenye pengo.

Hapo ndipo ninapowageukia walimu, kwa kuwa shule nazo ni wenye hafla. Tuna tamasha za muziki na za drama, siku za kutuza wanafunzi, harambee, mechi za fainali, na sherehe za kuadhimisha miaka kadhaa tangu shule ianzishwe. Kila moja huja na hema, jukwaa na spika, na kila moja huja na vijana wa kuvisimamisha, ambao baadhi yao walikuwa darasani kwetu miaka miwili iliyopita. Mwalimu mkuu anayelinganisha bei za watu watatu akachukua iliyo nafuu kabisa sharti ajiulize unafuu huo umetoka wapi. Turubai halishuki bei, wala dizeli. Mara nyingi kilichoshuka ni mtu.

Vilabu vya wanafunzi vyaweza kuianza kazi hii muhula huu huu bila kungoja waraka wa wizara. Wahesabu saa za kazi katika tamasha yao wenyewe, wamwulize mwenye hema anawalipa wasaidizi wake lini, waombe kuiona bima. Bodi ya shule nayo iamue kwamba awamu ya mwisho ya malipo kwa mwenye mitambo haitoki mpaka vibarua wake wawe wamelipwa, na kwamba hakuna kazi ya juu inayofanywa saa za usiku na watu waliokesha. Na katika hati ya malipo inayoandikwa na mhasibu wa shule, chini ya mstari wa kukodi jukwaa, uongezwe mwingine wenye majina ya waliolijenga, saa walizofanya, kiasi walichopokea, na sahihi zao.